Mtaro ukiziba Vingunguti, bahari inaumia Salenda

Kila masika Dar es Salaam huzungumzia mafuriko, na mazungumzo hayo huanzia kwenye maji na kuishia kwenye maji: yamefika wapi, daraja gani limefungwa, nani kahamishwa. Maji yakikauka, habari nayo inakauka. Lakini sehemu kubwa ya madhara ya mitaro iliyoachwa bila matunzo haihitaji mafuriko yoyote. Mtaro ulioziba huharibu mazingira miezi mizima ambayo hakuna wingu angani, na unachokiharibu kiko mbali sana na mahali ulipoziba. Ndiyo maana nataka tuyafuate maji hayo kwa mpangilio, kuanzia ukingo wa barabara ya mtaa hadi mikoko iliyo kwenye mlango wa Mto Msimbazi, unapoingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda.

Tuanze na kazi ya mtaro wenyewe. Ardhi yenye majani na miti hunywa mvua. Ardhi iliyofunikwa kwa bati, zege na lami hainywi. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu kwa siku moja ya masika, ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 inashusha lita 5,000 za maji. Hapo ni nyumba moja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama milioni 4.4 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Kila nyumba mpya inaongeza maji yanayotafuta pa kwenda, na mengi yanaelekezwa kwenye mitaro iliyochimbwa wakati mji ulikuwa mdogo.

Mtaro wa mvua haukukusudiwa kubeba kitu kingine. Maji taka yana mfumo wake wa mabomba, ambao sehemu yake huishia kwenye mabwawa ya kuyatibu, kama yale ya Vingunguti. Ila mabomba hayo yamefika kwa wachache tu. Wakazi walio wengi wana vyoo vya shimo au makaro, na maji ya kufulia, ya kuogea na ya jikoni hayana pa kwenda isipokuwa mtaroni. Kwa hiyo kabla hata chupa ya kwanza haijatupwa humo, mtaro umekwisha kubebeshwa mzigo usio wake.

Sasa tazama unavyoziba. Mtaro uliojengwa vizuri hujisafisha wenyewe. Wahandisi huupa mteremko wa kutosha ili maji yakimbie kwa kasi ya mita 0.6 hadi 0.9 hivi kwa sekunde, na maji ya kasi hiyo huburuta mchanga wake mpaka mwisho. Yakizuiwa kidogo, labda na kiroba kilichonasa kwenye mdomo wa kalvati, kasi inapungua na mchanga unatua. Mchanga uliotua unapunguza kasi zaidi, na mchanga mwingine unatua juu yake. Ndiyo sababu mtaro uliokaa mwaka mzima ukiwa safi unaweza kuonekana umejaa ndani ya wiki chache.

Kuna hesabu hapa ambayo watu wengi hawaitarajii. Chukua mtaro wenye upana wa mita moja na kina cha mita moja. Ukijaa mchanga hadi nusu, mtu angesema umebaki na nusu ya uwezo wake. Ukweli ni kwamba umebaki na kama asilimia 40 tu, kwa sababu maji yaliyobanwa kwenye nafasi ndogo husuguana zaidi na sakafu na kuta, yakaenda polepole. Bado hatujaweka magugu yaliyoota juu ya ule mchanga, wala kidaraja cha mbao ambacho mwenye duka amekilaza juu ya mtaro ili wateja wavuke. Pale kifuniko cha chuma kilipong'olewa kikauzwa kama chuma chakavu, mdomo uko wazi na chochote kinaingia.

Mchanga wenyewe unatoka wapi? Unatoka kwenye barabara za mitaa zisizo na lami, ambazo katika mji huu ndizo nyingi. Unatoka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi lililomwagwa kando ya barabara likasubiri fundi mpaka mvua ikalikuta hapo. Unatoka pia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, chanzo cha Msimbazi, ambako miti imekatwa na viwanja vimepimwa hadi kwenye kingo za vijito. Juu ya mchanga huo zinakuja taka: chupa za plastiki, pampasi, matambara, maganda ya mihogo na ndizi kutoka sokoni, vifuko vyepesi vya nailoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilipunguza ile mifuko ya kubebea ambayo ilikuwa inaziba makalvati kila kona, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini vifungashio vya bidhaa bado viko pale pale.

Hapa ndipo lawama huelekezwa kwa wakazi, na mimi naona lawama hiyo ni nusu tu ya haki. Ni kweli watu hutupa taka mtaroni, hasa mvua inapoanza, ili ziende na maji. Lakini ingia kwenye vichochoro vya Vingunguti au Kigogo uone: gari la taka haliwezi kupita, guta linapita pale linapopita, na mama aliyekaa na taka zake wiki mbili ndani ya chumba kimoja anachoishi na watoto wanne anafanya uamuzi ambao wengi wetu tungeufanya. Kumfokea bila kumletea mkokoteni wa uhakika ni kupoteza muda.

Tufike sasa kwenye madhara yasiyoonekana kwenye picha za mafuriko. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni haba, na mtaro ulioziba hugeuka kuwa bwawa jembamba la maji meusi. Tafuta mtaro wa namna hiyo, chukua fimbo, uchokoe tope la chini. Mapovu yatapanda, na harufu ya mayai viza itakufikia mara moja. Kinachotokea ni hiki: mabaki ya chakula, kinyesi na majani yanapokuwa yakioza, bakteria hutumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji yanayotembea hupata oksijeni nyingine kutoka hewani. Yaliyotuama hayapati ya kutosha. Oksijeni ikiisha, hushika kazi vijidudu vya aina nyingine visivyoihitaji, na hivyo ndivyo vinavyotoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye ile harufu, pamoja na methani, mojawapo ya gesi zinazoongeza joto duniani. Hakuna samaki, chura wala mdudu wa maji safi anayeweza kuishi humo.

Wanaoishi humo ni mbu. Mbu aina ya kuleksi hupenda hasa maji machafu yaliyotuama, na ndiye anayesambaza vimelea vya matende na mabusha katika miji ya pwani yetu. Anofelesi wa malaria huchagua zaidi maji yenye uwazi, lakini naye hutaga kwenye mitaro iliyoziba nusu, pale maji yanapokuwa na jua na yasiyo machafu sana. Jiji hili lina uzoefu wa jambo hilo. Kuanzia 1988 hadi 1996 mradi wa kudhibiti malaria mijini, uliosaidiwa na Japani, ulizibua mitaro ya Dar es Salaam kama sehemu ya vita dhidi ya mbu, na miaka ya 2000 watafiti walirudi kupima athari za kuzibua mitaro kwa kushirikisha wakazi wa mitaa husika, wakakuta maambukizi yamepungua. Mtaro unaopitisha maji ni kinga ya ugonjwa, na haubagui nani ana pesa ya kununua dawa.

Lakini madhara yanayokwenda mbali zaidi yamo ndani ya tope. Magari huacha vumbi la matairi na breki barabarani. Gereji humwaga oili chafu. Bati huachia zinki kidogo kidogo, na rangi za zamani, betri na mabaki ya viwanda vidogo huleta metali za risasi, kadimiamu na kromiamu. Metali hizi haziozi. Hung'ang'ania chembe ndogo za udongo, na chembe hizo hutua pale maji yanapotulia, yaani kwenye mtaro ulioziba. Tope la mtaro ni kibubu: huweka sumu ya senti senti miezi yote ya ukame, kisha mvua kubwa ya kwanza ya vuli inakuja kukipasua. Maji ya siku ya kwanza, yale meusi yenye mafuta juu, hubeba kwa saa chache mzigo uliokusanywa kwa miezi. Kiumbe wa mtoni ambaye angestahimili uchafu kidogo kila siku hupewa wote kwa mpigo.

Kwenye maji hayo hayo huongezwa kinyesi. Gari la kunyonya majitaka ni ghali kwa wapangaji wengi, na hata mwenye pesa huambiwa gari haliwezi kuingia uchochoroni. Basi mvua ikikolea usiku, kuna nyumba zinazotapisha vyoo. Tofali linatolewa ukutani mwa shimo, na kilichomo kinafuata mtaro. Mtaro ukiwa unapitisha, uchafu huo unakwenda kuchafua mto. Ukiwa umeziba, unaishia sebuleni kwa jirani na ndani ya kisima chake. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima, na zaidi ya watu 20,000 wakaugua. Mitaro haikuwa chanzo pekee, lakini katika mji ambao watu wengi hutegemea visima vifupi, maji yaliyofurika kutoka mtaroni na kupitia vyooni ni barabara iliyonyooka ya ugonjwa huo. Na kisima kikishaingiwa na kemikali ya naitreti na vijidudu kutoka ardhini, hakisafishiki kwa mvua moja.

Maji hufuata mkondo, na yakinyimwa mkondo hujichongea wa kwao. Mtaro ukikataa kuyapokea, yanapita katikati ya barabara, yanakata kona ya uwanja wa mtu, yanachimba korongo kuteremka bondeni. Udongo unaochimbwa hapo unakwenda kuziba mtaro wa chini, ambao nao unayatapika maji pembeni, yakachimba korongo jingine. Hiki ndicho kitu kinachonisumbua kuliko vyote katika suala hili: mitaro iliyoziba huzalisha mchanga wa kuziba mitaro mingine. Nyumba zilizo kwenye kingo za Msimbazi zimekuwa zikimegwa na mto kwa njia hiyo, mwaka baada ya mwaka, ukuta kwanza, kisha choo, kisha chumba.

Msimbazi una urefu wa kilomita 35 hivi kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Ukifika Jangwani, mteremko unaisha. Bonde pale ni pana na tambarare. Tangu enzi na enzi kazi yake ilikuwa kuyapokea maji ya mafuriko, kuyatandaza, kuyapunguza kasi na kuyachuja kabla hayajafika baharini. Sasa linapokea mchanga mwingi kuliko linavyoweza kuupeleka mbele. Sakafu ya mto imeinuka, nafasi iliyo chini ya daraja la Jangwani imepungua, na ndiyo maana Barabara ya Morogoro hufungwa hapo kwa mvua ambayo zamani ingepita bila habari. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa bondeni humo imezama zaidi ya mara moja. Desemba 2011, mvua za siku chache ziliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wakati huo wengi tuliona maji. Mchanga uliokuwa umekwishajaza njia ya maji hayo ulizungumzwa kidogo sana.

Bondeni humo humo watu hulima mchicha, matembele na majani ya maboga kwa kumwagilia maji ya mto. Tafiti mbalimbali zilizofanywa kwa miaka mingi zimekuta metali nzito kwenye maji, udongo na mboga za bonde hili, zikiwemo risasi na kadimiamu. Risasi huathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto, na mboga haiwezi kuoshwa ikatoka, kwa kuwa imo ndani ya jani. Kwa hiyo gereji iliyomwaga oili kwenye mtaro wa juu na fungu la mchicha linalouzwa sokoni jioni viko kwenye mnyororo mmoja, ingawa hakuna anayeuona wote kwa pamoja.

Kisha bahari. Kwenye mlango wa mto, nyuma ya daraja la Salenda, ipo mikoko. Aina kama mchu na mlilana huota mizizi inayochomoza juu ya tope ili ipate hewa. Tope la kawaida la mto, linalokuja kidogo kidogo, mikoko hulipenda. Ndilo inalolikamata na kulijenga kuwa ardhi. Tope linalokuja kwa mpigo, likiwa limechanganyika na nailoni na mafuta, huifukia ile mizizi na mti unakosa pumzi. Kamba na vifaranga vya samaki wanaokulia kati ya mizizi hiyo wanapoteza kitalu chao. Maji ya matope yanaposambaa zaidi, mwanga wa jua haufiki chini, na nyasi za baharini ambazo tasi huzila zinadhoofika. Naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye vinyesi na sabuni hulisha mwani, na mwani ukizidi huyafunika matumbawe. Mbele kidogo ya hapo kuna visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Hifadhi ina mipaka kwenye ramani, ila maji machafu hayasomi ramani.

Nairobi safari hiyo hiyo ni ndefu zaidi. Kinachoingia Mto Nairobi hukutana na Mto Athi, kikashuka hadi Sabaki na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi, mamia ya kilomita kutoka kwenye mtaro kilikotupwa.

Kwa nini basi mitaro haizibuliwi? Sheria si haba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, na kuna faini za kutupa taka. Tatizo ni kwamba lita moja ya maji ya mvua hupita mikononi mwa wengi kabla ya kufika baharini. Mtaro wa barabara kuu uko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Wa barabara ya mtaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka zilizomo ndani yake ni za halmashauri, majitaka yaliyovujia humo ni ya DAWASA (mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji), mto unapoingia uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na uchafuzi wote kwa jumla unasimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kila mmoja ana bajeti yake na mwaka wake wa kazi. Mtaro wa juu unaweza kuzibuliwa Februari na wa chini ukabaki umeziba hadi Mei, na matokeo yake ni kwamba maji yaliyofunguliwa juu yanafika kwa kasi mahali pasipo na njia. Kuzibua kipande cha katikati bila kuanzia chini, kule maji yanakoelekea, ni kuwahamishia wengine mafuriko.

Halafu kuna ule mtindo unaoonekana kila mahali. Vijana wanalipwa kuzibua mtaro kabla ya masika. Wanafanya kazi ngumu na chafu, mara nyingi bila glovu wala mabuti, na tope wanalolitoa wanalipanga ukingoni mwa mtaro ule ule. Linakaa pale likauke. Upepo unapeperusha vumbi lake, lenye zile metali, kwenye meza za mama lishe. Gari la kulibeba linasubiriwa. Mvua inatangulia gari, na tope lote linarudi mtaroni usiku mmoja. Fedha imetumika, picha zimepigwa, mtaro uko kama ulivyokuwa. Nimeliona jambo hili katika mitaa mingi mno kuliita bahati mbaya. Kuzibua hulipiwa kwa mita za urefu, wakati kubeba tope ni kazi nyingine yenye mkataba mwingine, au isiyo na mkataba kabisa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi: kuchimba na kupanua njia ya mto sehemu ya chini, kuinua daraja la Jangwani, kuwalipa na kuwahamisha walioko kwenye hatari. Ni kazi iliyosubiriwa muda mrefu na inastahili kuungwa mkono. Lakini njia ya mto iliyochimbwa upya ni mtaro mkubwa tu, na kanuni ya mchanga haibadiliki kwa ukubwa. Kama vijito vya juu na mitaro ya mitaani itaendelea kuleta mchanga kama unavyokuja sasa, njia hiyo itajaa. Ulinzi wake uko kwenye vitu vidogo visivyozinduliwa kwa utepe: shimo la kukamata mchanga kabla ya kila kalvati kubwa, linalochotwa kila mwezi, nondo za kuzuia chupa kwenye maingilio, na mtu mwenye jukumu la kuzisafisha, kupanda majani na miti kwenye kingo za vijito vya Pugu, tenki la kuvuna maji ya paa, ambalo linazuia lita elfu kadhaa zisikimbilie mtaroni saa ile ile mvua inaponyesha, na mashine ndogo za kunyonya vyoo zinazoweza kuingia uchochoroni kwa bei ambayo mpangaji anaimudu.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano kabla ya hapo na kutangaza kuwa mitaro itazibuliwa, mwombeni aeleze pia kazi itaanzia upande gani, gari gani litabeba tope, litakuja siku gani, na litalimwaga wapi. Yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na jina la atakayeyasimamia liandikwe mbele yake.